Kumfundisha Mtoto Kutafuta Maarifa: Funzo Kutokana na Kazi ya Wahandisi wa Programu za Kompyuta

Utangulizi

Katika vyuo vya ualimu husemwa mara nyingi kwamba kazi ya mwalimu si kumjaza mtoto maarifa kama mtu ajazaye mtungi maji, bali ni kumwezesha kujitafutia mwenyewe. Maneno haya hukubaliwa na wote. Lakini mwanachuo aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huyaacha mlangoni. Huandika ubaoni, na watoto hunakili. Huuliza maswali, nao humrudishia yale yale waliyonakili. Sababu moja kubwa ya hali hii ni kwamba mwanachuo hajapata kuonyeshwa waziwazi kuwa kutafuta maarifa ni kazi ya namna gani, ina hatua zipi, na ni wapi mtu hukosea.

Makala haya yanakusudia kusaidia katika jambo hilo kwa kuwachunguza wafanyakazi ambao kutafuta habari ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, yaani wahandisi wanaotunga programu za kompyuta na za simu. Hatuwachagui kwa kuwa twataka kila mtoto awe mhandisi. Twawachagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yao imechunguzwa na wataalamu kwa makini, hata ikajulikana hutafuta nini, kwa muda gani, na kwa faida au hasara gani. Pili, makosa yao hufundisha. Yako makosa ambayo kompyuta huyafichua papo hapo, na yako mengine ambayo hujificha mpaka yamdhuru mtu mwingine. Mwalimu anayepima kazi za watoto anazijua aina hizo mbili.

Mhandisi hutafuta nini?

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu zenye kanuni kali. Alama moja ikikosewa, kazi nzima yaweza kusimama. Lugha hizo ni nyingi, nazo hubadilishwa mara kwa mara. Kwa hiyo hakuna mhandisi, hata awe hodari namna gani, aliye na yote kichwani.

Mwaka 2009, Joel Brandt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watunga programu 20. Waliwapa kazi ya kutengeneza chumba cha mazungumzo cha mtandaoni, wakaangalia jinsi walivyoitumia intaneti. Waliona kwamba, kwa wastani, asilimia 19 ya muda wa kazi ilitumika katika intaneti. Waliona pia kwamba haja zilizowapeleka huko zilikuwa za namna tatu:

(a) Kujifunza jambo jipya. Hapa mtu husoma maelezo marefu, hujaribu mifano, na hutumia muda mwingi.

(b) Kufafanua jambo analolijua nusunusu. Anajua kwamba njia ipo, lakini hana hakika inavyotumika.

(c) Kujikumbusha jambo dogo analolielewa kabisa, kama vile mpangilio wa maneno katika agizo fulani. Hapa hutazama mara moja tu na kurudi kazini.

Mwanachuo azitie moyoni aina hizi tatu. Mtoto anayefungua kitabu naye yumo katika mojawapo ya hali hizo, lakini mara nyingi hajui ni ipi. Asomaye jambo jipya kwa haraka ya mtu anayejikumbusha hatalielewa. Naye asomaye sura nzima ili kupata tarehe moja atachoka bure. Ni wajibu wa mwalimu kumwuliza mtoto kabla hajafungua kitabu: "Je, unakwenda kujifunza, kufafanua, au kujikumbusha?"

Mhandisi hutafuta wapi?

Wengi hudhani kwamba mhandisi hupata kila kitu katika intaneti. Sivyo. Mwaka 2007, Andrew Ko, Robert DeLine na Gina Venolia walieleza uchunguzi wao juu ya watunga programu 17 wa kampuni moja kubwa. Miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kwamba mara nyingi kazi iliahirishwa kwa kuwa mtu pekee aliyekuwa na habari iliyotakiwa hakupatikana. Maswali magumu zaidi yalikuwa ya "kwa nini": kwa nini maagizo haya yaliandikwa hivi, na programu ilikusudiwa kufanya nini. Majibu ya maswali hayo hayakuwa yameandikwa popote; yalikuwa kichwani mwa mwenzao.

Vile vile, wahandisi hutafuta sana katika kazi zao wenyewe. Uchunguzi uliofanywa katika kampuni ya Google, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wahandisi wake walitafuta katika hazina ya maagizo ya kampuni hiyo kwa wastani wa mara 12 kila siku ya kazi. Mengi ya waliyoyatafuta yalihusu sehemu walizokwisha kuzizoea. Kutafuta, basi, si kazi ya mjinga peke yake. Mjuzi naye hutafuta, kwa sababu anajua thamani ya kuhakikisha.

Nje ya kampuni viko vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni maelezo rasmi yanayoandikwa na wale waliotengeneza lugha au chombo kinachotumika. Cha pili ni majibu ya watu wa kazi ile ile, yaliyokusanywa mahali pamoja. Mahali panapojulikana zaidi ni Stack Overflow, palipoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Huko mtu huuliza, wengine hujibu, na wasomaji hupiga kura ili jibu wanaloliona bora lipande juu. Maelezo rasmi ni kamili lakini huchosha. Majibu ya wenzi ni mafupi na huenda moja kwa moja kwenye shida. Tutaona punde kwamba tofauti hii ina matokeo makubwa.

Mhandisi hutafutaje?

Jambo gumu la kwanza ni kuuliza. Mtambo wa kutafutia haujui shida iliyomo moyoni mwa mtu. Wajua maneno aliyoandika tu. Brandt na wenzake waliona kwamba mtu asiyejua jina la kitaalamu la jambo hutumia kwanza maneno yake ya kawaida. Katika majibu anayoyapata, hukuta jina lenyewe, kisha hutafuta tena kwa jina hilo. Utafutaji wa kwanza, basi, ni kama mkalimani: humtoa mtu katika lugha ya mazoea na kumwingiza katika lugha ya fani.

Kwa hiyo jibu lisilotosheleza si hasara, kwani laweza kutoa neno la kuulizia vizuri zaidi. Mtoto anayekata tamaa kwa kuwa swali lake la kwanza halikujibiwa hajafundishwa kwamba maswali hupigwa msasa. Wahenga walisema, "Asiyeuliza hana ajifunzalo." Twaweza kuongeza kwamba aulizaye mara moja tu hujifunza nusu.

Hatari ya kunakili

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Mhandisi akipata maagizo yanayofanana na haja yake, aweza kuyanakili jinsi yalivyo na kuyatia katika programu yake. Kufanya hivyo si kosa kwa kila hali. Fundi stadi hutumia kigezo cha mwenzake. Swali ni kama ameyaelewa na kuyajaribu. Katika uchunguzi wa Stanford, ilionekana kwamba mara nyingi watu waliyaamini maagizo waliyonakili wakachelewa kuyajaribu, na kosa lilipotokea baadaye ilikuwa vigumu kujua lilikoanzia.

Mwaka 2016, Yasemin Acar na wenzake walitangaza jaribio ambalo kila mwalimu afaa kulifikiri. Waliwachukua watunga programu 54 wa simu za Android, wakawapa kazi zilizohusu usalama wa habari za mtumiaji. Waliwagawa katika makundi manne. Kundi moja liliruhusiwa kutumia maelezo rasmi tu, la pili vitabu tu, la tatu Stack Overflow tu, na la nne chanzo chochote. Matokeo yalikuwa haya: waliotumia maelezo rasmi walitoa programu zilizo salama zaidi kuliko waliotumia Stack Overflow, lakini waliotumia Stack Overflow walifanikiwa zaidi kuzifanya programu zao zifanye kazi. Waliotegemea vitabu nao walitoa kazi iliyo salama zaidi kuliko wale wa Stack Overflow.

Yatazameni vizuri matokeo hayo. Jibu la haraka lilifanya kazi. Mtu angeijaribu programu, ikafunguka, akaridhika. Lakini ndani yake mlikuwa na mlango uliosahauliwa wazi. Na haya si mambo ya chumba cha majaribio tu. Mwaka 2017, Felix Fischer na wenzake walieleza kwamba walizichunguza programu milioni 1.3 za Android. Asilimia 15.4 zilikuwa na vipande vya maagizo ya usalama vilivyotoka Stack Overflow. Miongoni mwa hizo, asilimia 97.9 zilikuwa na angalau kipande kimoja kisicho salama.

Mwanachuo asidhani kwamba jambo hili liko mbali naye. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki siku hizi huweka akiba na kulipana kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kila atumiaye simu kwa fedha huweka imani yake kwa mtu asiyemjua, kwamba mtu huyo alielewa alichokiandika. Mazoea ya kunakili bila kuelewa huanza mapema, katika daftari la shule ya msingi, na huweza kuishia katika jasho la mkulima.

Kuhusu mashine zinazojibu

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu iitwayo ChatGPT, wahandisi wengi wamepata njia nyingine: humwuliza mashine, nayo hutunga jibu zima kwa lugha laini. Desemba ya mwaka huo huo, wasimamizi wa Stack Overflow walipiga marufuku majibu yaliyotungwa kwa programu hiyo. Sababu waliyoitoa ni kwamba mengi yalikuwa na makosa, ingawa yalionekana mazuri kwa macho.

Funzo kwa mwalimu ni moja. Ufasaha si ushahidi. Jibu lililopangwa vizuri lahitaji kupimwa sawa na jibu la kubabaisha. Pengine zaidi, kwa kuwa humlaza msomaji.

Mazoea matano ya kumjengea mtoto

Kutokana na hayo yote, twaweza kutoa mazoea matano yafaayo kufundishwa tangu Darasa la Nne:

1. Kuunda swali. Mtoto aseme anataka kujua nini, na atumie jina halisi la kitu. Kama halijui, kazi ya kwanza ni kulitafuta jina.

2. Kuchagua chanzo. Ajiulize ni nani au ni kitabu gani kina sababu ya kulijua jambo hili.

3. Kulinganisha. Asitosheke na chanzo kimoja. Vyanzo viwili vikipingana, asichague kile kinachompendeza, bali atafute sababu ya kupingana kwao.

4. Kujaribu. Kila liwezekanalo lijaribiwe kwa macho na mikono.

5. Kuandika kwa maneno yake mwenyewe na kutaja alikopata. Wale watunga programu 17 walikwama kwa sababu habari haikuandikwa. Shule pia hukwama mwalimu mmoja ahamishwapo na maarifa yake yote.

Mfano wa somo

Mwalimu asingoje umeme wala kompyuta ili aanze. Mazoea hayo yote yaweza kufundishwa kwa vyanzo vilivyopo kijijini. Huu ni mfano wa andalio la somo.

Darasa: la Sita. Somo: Sayansi. Muda: vipindi viwili vya dakika 40, na uchunguzi wa wiki nne.

Mada: Wadudu waharibuo mahindi ghalani.

Lengo: Mwishoni mwa somo, mwanafunzi aweze kuunda swali bora, kulijibu kwa vyanzo visivyopungua viwili, na kulithibitisha jibu kwa kuangalia mwenyewe.

Vifaa: punje na magunzi yaliyoliwa na wadudu, karatasi nyeupe, chekecheo, lenzi ya mkono ikipatikana, na chupa nne za kioo zenye vifuniko.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aonyeshe punje zilizotobolewa na aulize, "Tufanye nini ili mahindi yasiliwe?" Watoto watajibu upesi: "Tutie dawa." Mwalimu aliandike jibu hilo ubaoni bila kulisifu wala kulikataa. Kisha aulize, "Dawa ya mdudu gani?" Hapo darasa litanyamaza, na ukimya huo ndio mwanzo wa somo.

Hatua ya pili. Watoto wachekeche punje juu ya karatasi na kuwatazama wadudu. Wengine watakuwa na mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga. Hao ni fukusi. Wengine watakuwa na mwili wa mviringo kama kipande cha kijiti, kichwa kimeinamia chini, hawana mkonga, na unga mwingi umewazunguka. Hao ni dumuzi. Darasa sasa lina majina, na swali limebadilika. Wakipata aina moja tu, mwalimu achore nyingine ubaoni.

Hatua ya tatu. Makundi yatumwe kwenye vyanzo mbalimbali: kundi moja kwa wazee wakulima, la pili kwa bwana shamba au bibi shamba, la tatu kwenye vitabu vya shule. Kama mwalimu ana simu yenye intaneti, kundi la nne limwambie maneno ya kutafuta, naye aandike yale yale waliyoyasema, hata yakiwa mabaya, ili waone tofauti ya swali zuri na baya.

Hatua ya nne. Majibu yaandikwe ubaoni sambamba. Hapana shaka yatapingana. Mzee aweza kusema kwamba zamani mahindi yaliwekwa na magunzi yake juu ya moshi wa jikoni, na hayakuharibika sana. Bwana shamba atasema yapukuchuliwe kwanza. Mwalimu asikimbilie kusema mzee amekosea. Dumuzi hakuwapo zamani. Ni mdudu wa Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Hustawi sana katika mahindi yasiyopukuchuliwa, na dawa iliyotosha kwa fukusi haikutosha kwake. Mzee alisema kweli ya wakati wake. Jibu lake limepitwa na mdudu mpya. Mhandisi naye hukuta jibu la miaka kumi iliyopita, sahihi lilipoandikwa, lakini lugha ya programu imekwisha badilika. Watoto wazoee kuuliza, "Jibu hili ni la lini?"

Hatua ya tano. Jaribio. Chupa nne zijazwe hadi juu mahindi yaliyokaushwa vizuri, na wadudu hai 10 watiwe katika kila chupa. Mbili zifungwe kabisa hewa isipite. Mbili zifunikwe kwa kitambaa chepesi. Kila wiki watoto wahesabu, bila kufungua, wadudu wanaowaona wakitembea. Baada ya wiki nne chupa zifunguliwe, punje zichekechwe, na unga uliotoka ulinganishwe. Mdudu huhitaji hewa kama kiumbe kingine, na watoto wataona wenyewe tofauti. Mwalimu aangalie sana kwamba dawa za wadudu hazishikwi na watoto kwa njia yoyote. Maelezo ya pakiti yasomwe na yeye mwenyewe.

Hatua ya sita. Kila kundi liandike ukurasa mmoja: swali letu, tulikouliza, majibu yaliyopingana, tuliyoyaona, na jambo ambalo bado hatujalijua. Mwalimu asiiache sehemu hiyo ya mwisho itupwe.

Pingamizi na jibu lake

Mwalimu mwenye busara aweza kuuliza: kama mjuzi mwenyewe hutafuta, kwa nini tumlazimishe mtoto kukariri jedwali la kuzidisha? Jibu limo katika uchunguzi wenyewe. Mhandisi hujikumbusha kwa kutazama mara moja tu kwa sababu ana msingi. Alitambua jibu sahihi alipoliona. Asiye na msingi hawezi kutambua. Mtoto asiyejua kuzidisha hataona kwamba kikokotoo kimempa jibu lisilowezekana kwa sababu alibofya namba vibaya. Kutafuta hakuondoi haja ya kujua. Kwajengwa juu yake.

Pingamizi la pili ni muda. Ni kweli kwamba somo la namna hii hula vipindi, na muhtasari ni mrefu. Hatusemi kila somo lifundishwe hivi. Somo moja la kutafuta kwa kila mwezi, likifanywa kwa uangalifu, latosha kuanzisha mazoea.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: mwalimu huogopa kuulizwa asilolijua. Basi akumbuke kwamba wahandisi wa makampuni makubwa ya dunia hukubali mara nyingi kwa siku kwamba hawajui, na ndipo kazi yao huendelea. Mwalimu asemaye, "Sijui; tutafute pamoja," hapotezi heshima. Anawaonyesha watoto kazi ambayo hawakupata kuiona ikifanywa na mtu mzima.

Hitimisho

Wahenga walionya, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Kunakili jibu la mwenzio bila kulielewa ni kusafiri kwa nyota yake: huenda ikakufikisha, huenda ikakupoteza, nawe hutajua ni lipi mpaka umechelewa. Mtoto aliyezoezwa kuunda swali, kuchagua chanzo, kulinganisha, kujaribu na kuandika ataweza kulinda ghala la nyumbani kwao leo, na kesho aweza kuaminiwa na akiba za watu asiowajua.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Chagueni mada moja ya Maarifa ya Jamii ya Darasa la Tano. Andikeni swali baya na swali bora kuhusu mada hiyo, na elezeni tofauti zao.

2. Tajeni vyanzo vitano vya maarifa vilivyo karibu na shule mnayofanyia mazoezi. Ni kipi ambacho maarifa yake hayajaandikwa popote?

3. "Jibu likifanya kazi, latosha." Jadilini usemi huu kwa kutumia jaribio la mwaka 2016 lililoelezwa katika makala haya.

4. Tayarisheni andalio la somo la kutafuta maarifa lisilohitaji intaneti, na lingine lihitajilo simu moja tu kwa darasa la watoto 60.